Kivumbasi kina maua lakini nyuki hawaji: kutafuta kasoro dalili kwa dalili

Kivumbasi kina sifa ya ukaidi. Hukatwa kikachipua, hukanyagwa kikainuka, huachwa kiangazi kizima bila maji na mvua ya kwanza ikinyesha kikajivika majani. Kwa sababu ya sifa hiyo, siku kikianza kulegea mwenye bustani hushtuka, na wengi hukimbilia chupa ya dawa. Mimi naanzia mbali na chupa. Tumekipanda kwa ajili ya nyuki, vipepeo na nzi wa maua, basi kipimo cha afya yake ni mashuke, yaani vishada virefu vya maua, si majani. Kivumbasi chenye majani yaliyotobokatoboka lakini kinavuma nyuki saa tatu asubuhi ni kizima. Kile kinachong'aa kijani tupu, hata nzi hatui, ndicho kigonjwa, hata kama kila mpita njia anakisifia.

Dalili nimezipanga kwa jinsi ninavyoulizwa, si kwa ukubwa wa hatari.

Kabla ya yote: ni kivumbasi kipi?

Jina hili limebeba mimea zaidi ya mmoja, na malalamiko mengi ya "kimekufa ghafla" huishia hapa.

Ninachokizungumzia ni Ocimum gratissimum, jina kilichopewa na mtaalamu wa mimea Linnaeus mwaka 1753. Ni mmea wa asili wa Afrika ya kitropiki na sehemu za Asia, jamii moja na mnanaa: shina changa lina pembe nne, ukilizungusha kati ya vidole unazihisi. Hukua kuwa kichaka cha mita 1 hadi 3, na shina la chini hukomaa likawa gumu kama la mti. Ponda jani unuse. Mara nyingi utapata harufu inayokaribia karafuu, kwa kuwa mafuta yake huwa na yujenoli, kitu kilekile kinachoipa karafuu harufu yake.

Kuna mdogo wake, Ocimum americanum, ambacho nacho watu hukiita kivumbasi. Hicho ni kifupi, majani yake ni madogo, na kwa kawaida huishi msimu mmoja au zaidi kidogo. Kikishakomaza mbegu kinakauka. Hakikuugua, umri wake umeisha. Mrehani wa kawaida nao haudumu. Lakini Ocimum kilimandscharicum, kile chenye harufu ya kafuri, ni cha kudumu na nyuki wanakipenda sana, kwa hiyo mengi ya humu yanakihusu pia.

Kama chako kina shina gumu chini na kimepita kiuno chako, endelea kusoma.

Maua yapo, nyuki hawapo

Hili ndilo swali kubwa, na jibu lake la kwanza huwaudhi watu: pengine maua hayapo.

Lishike shuke moja ulitazame kwa karibu. Utaona vikombe vidogo vya kijani vilivyopangwa kwa duara kulizunguka shina, kwa kawaida sita kila duara, duara juu ya duara mpaka nchani. Ua lenyewe ni ile sehemu ndogo nyeupe iliyofifia, yenye umanjano kidogo, inayochungulia nje ya kikombe pamoja na nyuzi nne za chavua. Shuke huchanua kuanzia chini kwenda juu. Ua likishachavushwa, ile sehemu nyeupe huanguka, ila kikombe hubaki. Huinamisha shingo, hufunga mdomo, na ndani yake hukomaa mbegu nne. Ukiwa umesimama hatua tatu mbali, shuke lililojaa vikombe vitupu na shuke lililojaa maua yanafanana kabisa. Nyuki hadanganyiki. Anayedanganyika ni mwenye bustani.

Kwa hiyo hesabu. Kwenye mashuke kumi, tazama ni duara ngapi bado zina weupe. Kama ni moja au mbili za juu kabisa, na vikombe vya chini vimeanza kuwa kahawia, kivumbasi kiko mwishoni mwa maua na kimeshageukia kazi ya mbegu. Kata mashuke hayo, ukiteremka hadi kwenye jozi ya majani yenye vichipukizi kwapani, nacho kitatoa mengine. Ukitaka mbegu, acha mashuke mawili matatu tu.

Kama maua yapo kweli, swali la pili ni saa uliyotazama. Anayetoka kuangalia bustani saa nane mchana jua likiwa kali hatakuta shughuli aliyoikuta mwenzake saa tatu asubuhi. Siku ya mawingu mazito au manyunyu nyuki hubaki mzingani, na mvua kubwa inaweza kuosha mbochi, yale maji matamu ya ua, hivyo baada yake subiri maua mapya yafunguke. Fanya hivi: kaa mbele ya kichaka kwa dakika 10, asubuhi tatu zisizo na mvua, uandike kila mdudu anayetua. Usitegemee kumbukumbu. Kumbukumbu ya mtu mwenye wasiwasi huhesabu sifuri siku zote.

Sababu ya tatu ni upweke wa mmea. Nyuki wa asali hufanya kazi kwa taarifa. Mmoja akipata shamba nono hurudi mzingani akacheza ile ngoma ambayo maana yake ilifumbuliwa na mwanasayansi Karl von Frisch, kazi iliyompa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Kichaka kimoja pembeni ya ukuta hakina utajiri wa kumfanya mtu acheze ngoma. Panda vitano au sita karibu karibu, nafasi ya mita moja hivi kati ya kimoja na kingine, vishikane vikikomaa. Tofauti nimeiona mwenyewe: kivumbasi changu cha kwanza kilikaa peke yake karibu na tangi la maji, na mgeni wake mkubwa alikuwa sisimizi. Nilipokizungushia vinne vingine vilivyotokana na matawi yake mwenyewe, katika msimu wa pili wa maua nilianza kusikia mvumo kabla sijafika.

Kuna jambo jingine la muda tu: mti mkubwa ukichanua jirani, nyuki wote huhamia huko kwa siku kadhaa. Hakuna cha kutibu. Maua ya mti yakiisha wanarudi.

Kisha tazama wageni ni akina nani. Watu wengi wanaposema "nyuki" wanamaanisha nyuki wa asali peke yake, ilhali kwenye kivumbasi huja pia nyuki wadogo wasiouma, wale wenye ukubwa wa sisimizi mwenye mabawa, nyuki wapweke wenye mistari ya buluu tumboni, na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Hawa hawaishi kwenye mizinga ya watu. Wale wenye mistari ya buluu huchimba vitundu kwenye udongo, na wakubwa weusi hutaka mbao kavu au tawi lililokufa. Bustani iliyosakafiwa kila upande, na palipobaki udongo pakafunikwa matandazo mazito, inawapa chakula bila nyumba. Nyuki wadogo wasiouma hawasafiri mbali, mara nyingi ni mita mia chache tu, kwa hiyo kama hakuna mti wenye shimo au ukuta wenye ufa karibu, huenda wasifike kamwe. Acha kipande cha udongo mtupu chenye jua, ukubwa wa mkeka, usikilime. Acha na gogo.

Mwisho wa orodha hii ni sumu, nayo inahitaji sehemu yake.

Nyuki waliokufa kwenye maua au chini yake

Kwanza tofautisha. Ukikuta nyuki mmoja ananing'inia kwenye shuke kichwa chini, hatikisiki hata ukiligusa tawi, sogeza jicho karibu. Nyuma yake mara nyingi yupo buibui kaa, mweupe au wa manjano, miguu ya mbele ameitanua kama anayekaribisha mgeni. Hafumi utando. Hukaa kwenye ua na kusubiri. Huyo ni mwindaji wa kawaida na anakula kidogo kuliko unavyodhani. Mwache.

Ukikuta wengi ardhini, baadhi bado wanazunguka kwa mgongo, wanatetemeka, au wamekufa ulimi umetoka nje, hapo ni sumu. Jiulize nini kimepulizwa ndani ya siku mbili tatu zilizopita, kwako au kwa jirani, ikiwa ni pamoja na dawa ya mbu inayofukizwa nje ya nyumba. Mara nyingi kosa si kupuliza tu, ni kupuliza mchana maua yakiwa wazi.

Kuna sumu ya pili isiyoonekana. Viuatilifu vya kundi la neonikotinoidi, kama imidakloprid na thiamethoksamu, hufyonzwa na mmea na kusambaa mwilini mwote hadi kwenye chavua na mbochi. Mche uliomwagiwa dawa hiyo kitaluni unaweza kuja kwako ukiwa safi, hauna kidukari hata mmoja, na ndio ukawa tatizo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya nje ya tatu kati ya dawa hizi mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki. Ukinunua mche wa bustani ya wachavushaji, muulize muuzaji alitumia nini kwenye mbegu na udongo. Akijikanyaga kwenye jibu, chukua kipande cha tawi kwa mtu mwenye kichaka kilichozeeka, ni salama zaidi. Na kama tayari umeshapanda mche unaoutilia shaka, kata mashuke ya msimu wa kwanza kabla hayajafunguka. Inauma, lakini ni afadhali.

Majani tele, hakuna shuke

Hapa kuna sababu tatu, na ya kwanza ni mkono wako.

Shuke la kivumbasi hutokea nchani mwa tawi. Kila mara unapochuma ncha, iwe kwa chai, kwa kufukuza mbu au kwa kupenda tu harufu, umechuma shuke la mwezi ujao. Mmea utajibu kwa kutoa matawi mawili mahali pa moja, utanenepa na kupendeza, na hautachanua kwa sababu humpi nafasi. Suluhisho ni kugawana: upande mmoja wa kichaka uwe wa nyumbani, mwingine usiguswe. Au tenga kichaka kimoja cha kuchuma.

Ya pili ni samadi nyingi. Kivumbasi hakitaki karamu. Debe la samadi mbichi kila mwezi huleta majani mapana, laini, ya kijani kizito, na vidukari kwa wingi. Koleo mbili za mboji iliyoiva mwanzoni mwa mvua zinatosha mwaka mzima kwenye udongo wa kawaida.

Ya tatu ni kivuli. Kisipopata jua la moja kwa moja kwa saa sita hivi, kinarefuka kuelekea mwanga na kutoa mashuke machache yaliyokonda. Hakuna mbolea ya kurekebisha kivuli. Hamisha, au punguza matawi ya mti ulio juu yake.

Kirefu juu, kipara chini, kinaanguka upepo ukivuma

Kivumbasi kisichopogolewa kwa miaka miwili huwa hivi: majani juu kama mwavuli, chini vijiti vikavu. Si ugonjwa, ni uzee uliokosa usimamizi.

Mwaka mmoja nilikata changu chote usawa wa goti, kwa hasira, katikati ya kiangazi. Nilibaki na visiki vya kahawia visivyo na jani hata moja, nikaambiwa "kitachipua tu, hicho ni kivumbasi". Vitatu kati ya vitano havikuchipua. Nilichojifunza kwenye visiki hivyo ni kuangalia macho. Pitisha kidole kwenye tawi kutoka juu kwenda chini. Palipo na jani, au kovu la jani lenye kijinundu cha kijani juu yake, pana uhai wa kuchipua. Ukiteremka hadi palipo na gome gumu la kijivu lisilo na kijinundu chochote, umeingia kwenye mbao iliyolala, na si kila mbao iliyolala huamka.

Kwa hiyo kata theluthi moja ya matawi, yale marefu zaidi, ukiishia juu kidogo ya jozi ya macho hai. Subiri yachipue, wiki nne au zaidi, kisha theluthi ya pili. Fanya kazi hii mvua zikiwa zimeanza, si udongo ukiwa umekauka. Faida yake haiishii kwa mmea, kwani ukikata kwa mafungu kichaka kinakuwa na tawi linalochanua, tawi linalojiandaa na tawi linalopumzika kwa wakati mmoja, na nyuki hawakuti meza tupu. Wenye vichaka vingi wakate kimoja kimoja kwa zamu badala ya matawi.

Yale uliyoyakata usiyatupe. Kipande cha tawi kisicho na ua, kirefu kama kiganja, kikitolewa majani ya chini na kuchomekwa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli chepesi, kwa kawaida hutoa mizizi ndani ya wiki mbili hadi tatu.

Kinanyauka

Usimwagilie kwanza. Tazama saa.

Kikinyauka saa saba mchana na kikasimama tena jua likizama, kinajikinga na joto. Kiache, au kiwekee matandazo, ila yasiguse shina. Kikiamka asubuhi bado kimenyauka, chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Udongo mkavu: mwagilia kwa wingi mara moja, maji yashuke chini, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku. Udongo wenye maji na mmea umenyauka: hapo ndipo penye kazi, maana kumwagilia zaidi ni kumzamisha anayezama.

Fukua kidogo upande mmoja. Mizizi mizima ni myeupe au ya kahawia hafifu na migumu. Mizizi iliyooza ni myeusi, inateleza, ukivuta gamba linavuka kama soksi na kubaki uzi katikati. Chanzo karibu kila mara ni maji yanayotuama: shimo lililochimbwa kwenye udongo wa mfinyanzi likawa bakuli, au chungu kisicho na tundu. Inua mmea, kata iliyooza, panda kwenye tuta. Ukikuta vinundu kwenye mizizi kama shanga zilizotungwa, hao ni minyoo fundo. Usihamishe udongo huo kwenda sehemu nyingine ya bustani, na jembe lioshwe.

Kama tawi moja au upande mmoja tu ndio unaonyauka na mizizi ni mizuri, kata shina mshazari. Mstari wa kahawia chini ya gome unaashiria mnyauko fuzari, ugonjwa unaomsumbua hasa jamaa yake, mrehani. Hautibiki. Ng'oa, choma, na mahali hapo panda mmea wa jamii nyingine kabisa.

Majani yamekuwa manjano

Manjano ya chini na manjano ya juu ni mambo mawili. Majani ya zamani ya chini yakiwa manjano yote na kudondoka, mmea una njaa ya naitrojeni, au umezeeka tu na unajipunguza. Majani mapya ya juu yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, mmea umekosa madini ya chuma, jambo la kawaida kwenye udongo wenye chokaa nyingi kama ule wa mawe ya matumbawe. Samadi mbichi haisaidii hapo. Mboji nyingi iliyoiva husaidia polepole. Manjano ya kila mahali, chini na juu, pamoja na udongo uliolowa, rudi kwenye mizizi.

Ukiona vidoti vidogo vya manjano kama jani limenyunyiziwa mchanga, na nyuma ya jani kuna utando mwembamba, hao ni utitiri. Hupenda kiangazi na vumbi. Mchirizi wa maji wenye nguvu kutoka kwenye mpira, ukielekezwa mgongoni mwa majani kila baada ya siku tatu, huwaondoa wengi.

Ncha zimejikunja, zinanata, sisimizi wanapanda na kushuka

Fuata sisimizi, watakupeleka kwa vidukari. Wanawalinda kwa sababu wanakunywa ule utomvu mtamu wanaoutoa, na utomvu huohuo ukidondokea majani ya chini huota ukungu mweusi kama masizi. Kidukari jike huzaa bila dume na huzaa watoto hai, ndiyo maana jana walikuwa watano na leo ncha haionekani.

Kabla hujafanya lolote, tazama kama kazi imeshaanza bila wewe. Tafuta kidudu cheusi kirefu chenye alama za rangi ya machungwa, kinachotambaa kama mamba mdogo. Watu wengi hukiponda wakidhani ndicho adui, kumbe ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, na hula vidukari kutwa. Tafuta pia funza wa kijani asiye na miguu, aliyelala katikati ya vidukari. Huyo ni mtoto wa nzi wa maua. Ukimuua leo, umeua mchavushaji wa mwezi ujao. Hapa ndipo bustani ya nyuki inapotofautiana na bustani ya mboga: baadhi ya wageni wetu wazuri walianza maisha yao wakiwa wabaya wa sura.

Kama walinzi hawapo na ncha zinadumaa, minya vidukari kwa vidole, au kata ncha iliyozidiwa. Maji ya sabuni ya kipande yasiyo makali hufanya kazi yakimgusa mdudu tu, na yakikauka nguvu imekwisha. Nyunyiza jioni nyuki wamelala, ukiyaepuka mashuke yaliyofunguka. Mwarobaini nao uwe jioni, kwenye majani tu. Kitu kikiitwa cha asili haimaanishi kinamfaa nyuki.

Majani yametobolewa

Yaache. Panzi na viwavi hula, kivumbasi kinamudu. Kiwavi wa leo ni kipepeo au nondo wa baadaye, na huwezi kutaka vipepeo ukakataa watoto wao. Ingilia kati pale tu mche mchanga unapoliwa hadi kikonyo. Mche uliokatwa usiku usawa wa udongo, ukalala kando mzima, ni kazi ya sota, kiwavi anayekata miche. Kwangua udongo kulizunguka shina, utamkuta amejikunja kama herufi C.

Mkato nadhifu wa nusu duara ukingoni mwa jani, kama uliokatwa kwa mkasi, ni wa nyuki mkata majani anayebeba vipande kwenda kujengea vyumba vya watoto wake. Utauona zaidi kwenye waridi na mbaazi jirani kuliko kwenye kivumbasi. Furahi.

Mbegu hazioti, au miche inaanguka

Mbegu ni ndogo kuliko kichwa cha kiberiti kwa mbali, na kosa ni kuzifukia. Zitawanye juu ya udongo laini uliolowa, zigandamize kwa kiganja, nyunyiza mchanga mwembamba kiasi cha kuzificha kidogo tu. Mwagilia kwa chujio lenye matundu madogo, la sivyo maji yatazikusanya zote kona moja. Kwenye joto huanza kuchomoza baada ya wiki moja hadi tatu. Mbegu ulizovuna kwenye vikombe vya kijani zilikuwa changa. Subiri kikombe kiwe kahawia na kilie kikitikiswa.

Miche ikisinyaa usawa wa udongo na kulala, ni kinyausi. Udongo umelowa mno, miche imebanana, hewa haipiti. Iliyolala haiamki. Punguza maji, punguza msongamano, na mara nyingine tumia udongo mpya.

Harufu ya watoto si ya mama

Ni kweli, na hakuna kilichoharibika. Kivumbasi kina aina nyingi ndani yake, vingine yujenoli imetawala, vingine thimoli, kitu kingine cha harufu, na mbegu huchanganya. Ukitaka harufu ileile, tumia vipande vya matawi.

Vimeota kila mahali

Mashuke uliyoyaacha ndiyo hayo. Ng'oa miche ikiwa na jozi mbili za majani, hutoka kwa urahisi siku inayofuata mvua, na minene zaidi uihamishie pale kichaka kilipopungua. Iliyoota mlangoni au kwenye kijia cha watoto ihamishe hata kama ni mizuri: kichaka kilichochanua hapo kitajaa nyuki wa asali kuanzia asubuhi, na kila anayepita atakipangusa kwa bega. Mita tano pembeni kinatosha, mahali unapoweza kukiona dirishani na kuhesabu bila kutoka nje.